Kuongeza Risasi Kwenye Magazini ya Shotigani Uingereza Kihalali: Karatasi Kwanza, Chuma Baadaye

Kuna kosa moja naliona sana kwa wenzetu walioanza mchezo wa shabaha huku Uingereza. Mtu ana shotigani yake ya nusu-otomatiki, cheti chake cha shotigani kiko safi kabisa, halafu anaona onlaini bomba la kurefusha magazini linauzwa, linakuja kwa posta, hakuna anayemuuliza cheti wala jina la mama yake, basi anachukulia kama amenunua kava ya simu. Siku anayolifunga na magazini ikaanza kumeza risasi ya tatu, huyo mtu hana shotigani tena mbele ya sheria. Ana silaha ya Kifungu cha 1 cha sheria ya silaha, kundi linalobanwa zaidi kuliko shotigani za kawaida, bila cheti chake, na hilo ni kosa la jela, mpaka miaka 5. Bunduki ni ileile, kabati ni lilelile na mtu ni yuleyule, kilichobadilika ni risasi moja tu.

Kwa hiyo mwongozo huu wote unazunguka jambo moja: karatasi kwanza, chuma baadaye. Ukifuata mpangilio huo ni jambo la kawaida tu, watu wanalifanya kila mwaka na polisi wanalijua. Ukiugeuza umejiharibia, na kwa sisi wahamiaji kosa la silaha haliishii mahakamani, linakufuata mpaka kwenye faili la viza na uraia. Ndiyo maana nalichukulia kwa uzito.

Ninayosema hapa ni ya England, Wales na Scotland. Ireland ya Kaskazini ina sheria yake tofauti, kama uko Belfast usifuate haya.

Kwanza elewa kwa nini mbili

Sheria mama ni Firearms Act ya 1968. Zamani shotigani ilikuwa shotigani tu, magazini iwe na mbili au nane, zote zilikaa kwenye cheti kimoja. Halafu tarehe 19 Agosti 1987 mtu mmoja akaua watu 16 pale Hungerford, na ingawa alitumia raifo na bastola, serikali ilipokaa kurekebisha sheria ikagusa na shotigani. Firearms (Amendment) Act ya 1988 ikaandika upya maana ya shotigani, na tangu Julai 1989 ili bunduki yako iitwe shotigani ya kawaida, yaani ya Kifungu cha 2, lazima iwe na mtutu laini ndani usiopungua inchi 24, tundu lisizidi inchi 2, isiwe ya kuzunguka kama rivolva, na ama isiwe na magazini kabisa ama iwe na magazini isiyochomoka ambayo haiwezi kubeba zaidi ya risasi mbili.

Hapo ndipo linatoka lile neno utakalolisikia kila duka, mbili jumlisha moja. Mbili kwenye magazini, moja kwenye chemba.

Angalia maneno ya sheria yanasema nini, "haiwezi kubeba". Haisemi "usiweke". Kwa hiyo ukimwambia afisa mimi naweka mbili tu hata kama inaingia tano, hujajitetea, umekiri. Na magazini ya kuchomoka, ile ya boksi, inapeleka bunduki Kifungu cha 1 moja kwa moja hata kama boksi lenyewe linabeba mbili.

Sasa bunduki nyingi kiwandani zinatoka zikiwa na magazini ya nne au tano. Ili ziuzwe kama za Kifungu cha 2, magazini inabanwa kwa njia iliyokubaliwa na serikali, halafu inapelekwa kwenye nyumba ya majaribio ya silaha (proof house), zipo mbili tu, moja London na nyingine Birmingham, wanaigonga alama na wanatoa cheti cha maandishi. Chukua shotigani yako usiku wa leo, hakikisha haina risasi, hakikisha tena, washa tochi uangalie bomba la magazini chini ya mtutu. Utakuta bomba limeminywa au kuna kizuizi cha kudumu, na karibu yake kijialama kidogo kimegongwa kwenye chuma, wengi wanakaa na bunduki miaka kumi hawajawahi kukiona. Hicho kijialama ndicho kinachokushikilia kwenye cheti chako cha sasa. Ukiondoa kizuizi, alama hiyo haina maana tena.

Upande wa pili wa mstari ni Kifungu cha 1. Huku sheria haijaweka kikomo cha risasi kwenye magazini ya shotigani, nane sawa, kumi na mbili sawa, ila bunduki lazima iwe kwenye cheti cha silaha, kile ambacho kila mtu anakiita FAC, siyo kile cha shotigani kinachoitwa SGC.

Halafu kuna ukuta wa tatu usiutie mguu kabisa, Kifungu cha 5, silaha zilizopigwa marufuku. Shotigani ya nusu-otomatiki au ya pampu ambayo mtutu uko chini ya inchi 24, au urefu wote uko chini ya inchi 40, iko huko, na mahakama kwa kawaida inatakiwa kutoa kifungo kisichopungua miaka 5. Jambo linalowanasa watu hapa ni kitako. Ukiweka kitako cha kukunja au cha kuvuta, sheria inapima urefu bila kukihesabu. Yaani bunduki iliyokuwa inchi 44 na kitako cha mbao inaweza kuwa 35 mbele ya sheria siku unayobadilisha kitako. Nawaomba sana, mtu anapoanza kubadilisha magazini ndipo hamu ya kubadilisha na vingine inapoingia, hapo shika mkono wako.

Jiulize unaihitaji kweli

Hii siyo hatua ya kuruka. Kwa SGC polisi wanatakiwa kukupa isipokuwa wana sababu ya kukunyima, na kuwinda, kushindana au kuua ndege waharibifu vinatosha kama sababu. Ukishakuwa nacho unaweza kununua shotigani ya pili na ya tatu bila kuomba ruhusa upya, kikubwa uwe na pa kuzihifadhi. FAC ni kinyume. Kila bunduki moja lazima uitetee peke yake, wewe ndiye unayetakiwa kuthibitisha, na cheti kinaandika bunduki gani, kaliba gani, na masharti ya kuitumia.

Sababu zinazokubalika kwa shotigani ya risasi nyingi, kwa ukweli wake, ni mbili.

Ya kwanza ni mashindano ya shabaha ya vitendo, yale unakimbia kituo hadi kituo unapiga sahani za chuma na makaratasi huku saa inahesabu. Chama kinachosimamia ni UKPSA, ndicho kinachowakilisha Uingereza kwenye IPSC, shirikisho la mchezo huo la dunia. Na kuna target shotgun, yaani kulenga shabaha kwa shotigani, ambayo inapigwa Bisley kule Surrey, makao ya NRA ya Uingereza, msichanganye na ile ya Marekani, hii ni chama cha michezo kilichoanzishwa 1859.

Ya pili ni kudhibiti waharibifu shambani, njiwa na kunguru wanaoshuka kwa makundi makubwa. Hapa unatakiwa ueleze kwa nini mbili jumlisha moja haitoshi. Jibu la "zinaisha haraka" halitoshi. Shamba la nani, ekari ngapi, limepandwa nini, unapiga mara ngapi kwa mwezi, kundi likishuka linakuwa la ukubwa gani, hayo ndiyo wanayotaka.

Kupiga sahani za udongo siyo sababu, zinarushwa mbili mbili, hata bunduki ya mitutu miwili inatosha. Ulinzi wa nyumbani hata usiutaje, kwa Uingereza hiyo siyo sababu halali na ukiitamka umejifungia mlango, pengine hata kile cheti ulichonacho kitaangaliwa upya. Najua kwetu watu wengi wanaomba silaha kwa ajili ya ulinzi wa mali, hapa ni dunia nyingine. Na kutaka tu kwa sababu inapendeza, mimi sikulaumu, lakini huna hoja.

Jenga hoja kabla ya kugusa fomu

Watu wengi wanajaza fomu halafu ndiyo wanatafuta sababu, na afisa analiona hilo dakika tano za kwanza.

Kama ni mashindano, nenda kwenye klabu ukiwa na shotigani yako ya kawaida ya mbili jumlisha moja. Utakuwa mwepesi wa kupoteza kwa sababu wenzako wanapiga nane wewe unajaza tena na tena, sawa, vumilia. Mimi mwaka wangu wa kwanza nilipiga hivyo, vidole vilikuwa vinauma kwa kujaza, lakini ndipo nilipojifunza kuishika bunduki kwa usalama huku natembea, na hicho ndicho kitu kinachoangaliwa kuliko shabaha. Jiunge na chama, fanya kozi ya usalama, tunza kila karatasi: kadi ya uanachama, matokeo ya mashindano na jina lako likiwa chini kabisa kwenye orodha, barua ya katibu wa klabu inayosema mtu huyu anakuja, ni salama, na ngazi anayotaka kupiga inahitaji bunduki ya Kifungu cha 1.

Kama ni shamba, pata barua kutoka kwa mwenye ardhi. Siyo "namruhusu fulani kupiga shambani kwangu" halafu sahihi. Iwe na anwani ya shamba, ukubwa, zao, aina ya ndege wanaoharibu, na kwamba anakuruhusu kutumia shotigani ya magazini kubwa. Ramani ndogo yenye mipaka iliyochorwa kwa kalamu inasaidia sana.

Na hapa kuna kitu wengi hawakijui, nakikazia. Wildlife and Countryside Act ya 1981 inakataza kuua ndege wa porini kwa silaha ya nusu-otomatiki, na kwa sheria hiyo ya nusu-otomatiki yenye magazini isiyoweza kuzidi risasi mbili haihesabiwi. Yaani hapohapo unapoongeza magazini unaingia kwenye katazo ambalo mwanzo halikukuhusu. Kinachokuokoa ni zile leseni za jumla zinazotolewa kwa ajili ya ndege waharibifu, na kila nchi, England, Wales na Scotland, inatoa zake na inazibadilisha. Isome ya mwaka huu, ya mahali ulipo, uone ndege wako yumo na silaha yako imo. Usitegemee aliyokuambia jirani.

Fomu, daktari na wadhamini

Kama huna FAC kabisa unaomba mpya, kwa fomu namba 201 au onlaini kutegemea jeshi la polisi la eneo lako, na England na Wales yapo 43, kila moja na taratibu zake ndogondogo. Ada ya FAC mpya tangu Februari 2025 ni paundi 198, ya SGC ni 194, zote zinadumu miaka 5. Kama tayari una FAC, labda kwa ajili ya raifo ya .22, basi unaomba mabadiliko, unaongezewa nafasi ya shotigani moja ya Kifungu cha 1, paundi 47. Ukibadilisha moja kwa moja bila kuongeza idadi, yaani moja inatoka moja inaingia, hakuna ada.

Kwenye sehemu ya bunduki unayotaka usiandike "shotgun" ukaishia hapo, watadhani ni ya kawaida na utarudishiwa. Andika kaliba, andika ni ya Kifungu cha 1, andika ni ya nusu-otomatiki au pampu, halafu sababu kwa sentensi mbili tatu za wazi, na uambatanishe zile karatasi.

Wadhamini wawili. Wawe wanakufahamu angalau miaka miwili, wawe wakazi wa Great Britain, wasiwe wa familia yako ya karibu, wasiwe polisi wala wafanyakazi wa polisi wala muuza silaha. Kwa mtu aliyehamia juzi hapa ndipo panapobana. Mke au kaka hafai. Fikiria msimamizi wako kazini, mchungaji au imamu, mwalimu wa watoto, mwenzako wa klabu. Na waambie mapema, kwa sababu wataulizwa kuhusu tabia yako, hasira zako, pombe na mambo ya nyumbani, siyo vizuri mtu ashtukizwe na maswali ya polisi juu yako.

Daktari. Tangu Novemba 2021 hakuna cheti bila taarifa kutoka kwa daktari kuhusu afya yako, na GP wako anaweza kukutoza, bei kila kliniki na yake. Hili lilikazwa kwa sababu. Agosti 2021 pale Keyham, Plymouth, mtu mwenye cheti aliua watu watano kwa shotigani ya pampu, bunduki ambayo polisi walikuwa wameichukua halafu wakamrudishia mwezi mmoja tu kabla. Kila afisa atakayekaa sebuleni kwako analibeba hilo kichwani. Usimwone mkali, anajiuliza kama jina lako nalo litakuja kusomwa kwenye uchunguzi siku moja.

Kwa hiyo sema ukweli. Kutibiwa msongo wa mawazo au sonona hakukunyimi cheti moja kwa moja, wanaangalia hali ilivyokuwa na ilivyo sasa. Kuficha ndiko kunakunyima, na kutoa maelezo ya uongo kwenye fomu ni kosa lenyewe. Hali kadhalika makosa ya zamani. Andika yote, ya hapa na ya nyumbani, hata yale unayodhani yamefutika kwa muda, hata ile faini ya barabarani. Aliyewahi kuhukumiwa kifungo cha miaka 3 au zaidi haruhusiwi silaha maisha yake yote, na wa kuanzia miezi 3 mpaka chini ya miaka 3 anasubiri miaka 5 baada ya kutoka. Kama umeishi nje miaka ya karibuni jiandae kuombwa cheti cha tabia njema kutoka huko, kianze kutafutwa mapema, unajua mwenyewe inavyochukua muda.

Siku afisa anakuja nyumbani

Nieleze hii polepole kwa sababu ndiyo siku yenyewe.

Atataka kuona kabati. Liwe la chuma la kiwango cha BS 7558, limefungwa ukutani kwa bolti, ukuta wa tofali, siyo jipsam. Alitikise lisicheze. Liwe mahali ambapo mgeni aliyekuja kunywa chai halioni. Kama utakuwa na risasi za slagi, yaani zenye kipande kimoja kikubwa badala ya punje nyingi, hizo zinahitaji kuandikwa kwenye FAC na kuhifadhiwa zimefungwa, tenga boksi lake la kufunga mbali na bunduki. Marisau ya kawaida, yaani risasi yenye punje 5 au zaidi na hakuna punje inayozidi inchi 0.36, hayahitaji nafasi kwenye FAC hata kama unayapiga kwa bunduki ya Kifungu cha 1, ila dukani lazima uonyeshe cheti.

Halafu atauliza ufunguo uko wapi. Mimi nilijibu haraka haraka, "juu ya kabati la jikoni, mke wangu akihitaji..." nikaona kalamu imesimama. Nilikuwa nataka kusema akihitaji kupafanyia usafi, lakini sikufika mwisho wa sentensi. Mke wako hana cheti, basi hatakiwi kujua ufunguo ulipo, mwisho wa maneno. Siyo suala la kumwamini au kutomwamini. Kwa malezi yetu kumficha mke kitu ndani ya nyumba ni kama kumtukana, mimi mwenyewe ilinibidi nikae na wangu nimweleze kwamba ninamlinda, kwa sababu akijua na ikatokea shida, na yeye anaulizwa. Sasa nina kisanduku cha namba kwa ajili ya ufunguo na namba iko kichwani mwangu tu.

Ataongea na wewe kuhusu sababu. Usikariri, ongea kama mtu anayeujua mchezo wake. Akikuuliza kwa nini huwezi kutumia hii uliyonayo, mweleze kituo cha mashindano kinavyokuwa, sahani ngapi, unajaza mara ngapi, au mpeleke kwenye picha za shamba lako baada ya njiwa kushuka kwenye rapa changa, lile zao la mafuta. Akikuuliza tofauti ya Kifungu cha 1 na cha 2, iseme bila kusitasita. Ni haki yake kutaka kujua kwamba unaelewa unachoomba.

Baada ya hapo subira. Majeshi mengine wiki kadhaa, mengine miezi mingi. Usipige simu kila siku, na usinunue kitu. Narudia, hata lile bomba usilinunue kwanza. Kulimiliki peke yake hakuhitaji cheti, lakini bomba la kurefushia likikutwa kabatini pembeni ya shotigani ya Kifungu cha 2, utaeleza mpaka koo likauke.

Nafasi imeandikwa, sasa chuma

Cheti kikija kisome neno kwa neno kabla ya kufurahi. Tafuta mstari unaokupa ruhusa ya kununua au kupata shotigani moja ya Kifungu cha 1, angalia kaliba ni sahihi, angalia masharti: kama sharti linasema mashindano peke yake, basi hutoki nayo kwenda shambani kupiga njiwa, unaomba kwanza kuongezewa. Kosa la kuandika likiwepo, rudisha wasahihishe, usitumie cheti chenye kosa kwa kudhani wao ndio walikosea.

Sasa una njia mbili. Kuuza ya zamani na kununua iliyokuja tayari kama ya Kifungu cha 1, au kuipeleka uliyonayo ibadilishwe.

Mimi nakushauri ya kwanza, kwa moyo mmoja. Bunduki za FAC ziko sokoni, Benelli, Beretta, Winchester, Mossberg, Hatsan, mpya na zilizotumika, na kwa vile wenye nafasi ya kuzinunua ni wachache, za mkono wa pili mara nyingi unazipata kwa bei ya kuongea. Unaingia dukani, muuzaji anaijaza kwenye cheti chako, unaondoka. Na ile yako ya mbili jumlisha moja inabaki kwenye SGC kwa ajili ya sahani za udongo, kwa sababu kuna faida za shotigani ya kawaida utakazozikosa, nitazitaja chini.

Ukiamua ibadilishwe ileile, labda ni ya marehemu mzee au mkono wako umeizoea, basi iwe kwa muuza silaha aliyesajiliwa mwenye karakana. Kwanza piga au andikia ofisi ya leseni ya polisi, waulize wanataka bunduki yenye namba fulani ihamishwe vipi kutoka SGC kwenda FAC, na jibu lao liwe kwa imeili ulihifadhi. Halafu unampelekea fundi ukiwa na vyeti vyote viwili. Anaiandika kwenye rejista yake, anafanya kazi, anakurudishia ikiwa imeandikwa kwenye FAC na imetolewa kwenye SGC. Mabadiliko ya umiliki yanatakiwa kuripotiwa polisi ndani ya siku 7. Mara nyingi muuzaji anaripoti upande wake na wewe unaripoti upande wako, usimwachie yeye peke yake. Tunza risiti na barua.

Kazi yenyewe ya kuondoa kizuizi na kufunga bomba sitaieleza hapa, na sipendi ifanyike gereji hata kama una nafasi kwenye cheti. Magazini isiyolisha vizuri ni bunduki inayokwama ukiwa unakimbia na saa inapiga, na fundi aliyesajiliwa ana kitabu kinachoonyesha siku gani bunduki ilivuka mstari. Siku ukiulizwa, tarehe hiyo ndiyo itakayokulinda. Niliwahi kuletewa bunduki na muuzaji mmoja ikiwa tayari, nafasi kwenye FAC ilikuwa haijajazwa, akasema nitaijaza kesho. Nilimwambia ibaki kabatini kwake mpaka kesho. Alinuna kidogo. Sikujali, mkono uliokuwa utaonekana umeshika silaha ya Kifungu cha 1 bila mstari wake ni wangu.

Maisha na bunduki ya FAC

Hapa ndipo zile faida nilizosema. Shotigani ya kawaida, rafiki yako mwenye SGC anaweza kuiazima mpaka saa 72 bila hata kuripoti. Ya Kifungu cha 1 hapana, hata awe bingwa wa dunia, kama haimo kwenye FAC yake asiichukue. Vilevile kwenye viwanja vya sahani vilivyoidhinishwa na polisi mgeni asiye na cheti anaruhusiwa kupiga kwa shotigani, ndiyo maana unaweza kumpeleka binamu aliyekuja likizo akajaribu. Ruhusa hiyo inahusu shotigani kwa maana ile ya 1988. Bunduki yako mpya haimo. Mpe binamu ile ya mbili jumlisha moja.

Kabla ya kwenda kwenye kiwanja chochote piga simu uulize kama wanakubali bunduki za Kifungu cha 1, vingi havikubali au vinataka upakie mbili tu, na ni haki yao. Ukiwa njiani ikae kwenye begi, imefunikwa, haina risasi, cheti unacho, na usipitie supamaketi ukaiacha kwenye gari.

Sheria nazo zinatembea. Serikali imekuwa ikizungumzia kuzisogeza kanuni za shotigani karibu na zile za FAC, kwa hiyo kabla hujalipa hizo paundi fungua kurasa za Home Office, wizara ya mambo ya ndani, uangalie ada na masharti ya siku hiyo. BASC, chama cha wapigaji na uhifadhi cha Uingereza, wana namba ya ushauri kwa wanachama, na uanachama wao unakuja na bima, mimi naona ni pesa iliyokwenda mahali pake.

Na ikitokea umeacha mashindano, au shamba limeuzwa, sababu yako imeondoka na polisi wanaweza kuiondoa ile nafasi wakati wa kuhuisha cheti. Usisubiri ufike huko. Muuza silaha anaweza kuipeleka ibanwe tena kwa mbili, igongwe alama London au Birmingham na itoke na cheti chake cha maandishi, ndipo irudi kwenye SGC. Ile karatasi ya nyumba ya majaribio iweke pamoja na vyeti vyako, na ukija kuiuza bunduki, iende nayo.